Je, elektroni hujua kuwa inatazamwa?

Kwa miaka kadhaa niliwaambia watu, tena kwa kujiamini kupita kiasi, kwamba fizikia imethibitisha fahamu ya binadamu ndiyo inayoumba uhalisia. Ushahidi wangu ulikuwa jaribio la mianya miwili. Elektroni, yaani chembe ndogo sana zilizomo ndani ya atomi, zikirushwa moja moja kupitia mianya hiyo, mwishowe nukta zake hujipanga kwenye skrini mistari mistari, kama mawimbi yaliyoingiliana. Weka kifaa cha kubaini kila moja imepita wapi, mistari inafutika. Nikahitimisha: zinajua zinatazamwa!

Angalau sikuwa peke yangu. Mwaka 1961 mwanafizikia Eugene Wigner, aliyepata Nobel miaka 2 baadaye, alitetea wazo kwamba fahamu ndiyo inayokamilisha kipimo, yaani matokeo hayawi dhahiri hadi mtu ayatambue. Baadaye aliliacha.

Kilichonipoteza ni neno "kutazama". Maabarani hakuna anayechungulia kwa jicho. Kutazama huko ni kitu chochote kile kubaki na alama ya njia iliyopitwa.

Chukua nyumba yenye mlango wa mbele na wa uani. Usiku umenyunyiza unga kwenye vizingiti vyote viwili, ukalala. Mgeni akiingia, unyayo unabaki. Uamke ukague au ulale hadi adhuhuri, unyayo upo. Elektroni nayo ikigongana na mwanga, na mwanga ukaondoka na habari ya njia, mistari hupotea hata kama jengo zima halina mtu.

Mfano huu unachechemea mahali pamoja. Mgeni alipita mlango mmoja, unga uwepo usiwepo. Elektroni isiyoacha alama, kusema ilipita mwanya mmoja tu ni jambo linalobishaniwa hadi leo.

Kilichonimaliza ubishi ni jaribio la wanafizikia wa Vienna, Austria, lililochapishwa 2004. Walitumia molekuli zenye atomi 70 za kaboni kila moja, wakazipasha moto kwa leza kabla ya kuzipitisha kwenye mianya. Zikiwa za moto sana, zilitoa mwanga zenyewe njiani. Kadiri joto lilivyopanda, mistari ilizidi kufifia. Mwanga huo hakuna aliyeukusanya wala kuusoma. Molekuli zilijichongea zenyewe.

Ila unyayo hueleza kufutika kwa mistari tu. Kwa nini kila molekuli hutua hapa na si pale, unga hausemi, na hapo wanafalsafa bado wana kazi.