Kasi ya gongo haianzii mikononi

Wanaoanza kucheza besiboli wengi huamini kwamba ukitaka gongo, yaani fimbo ya kupigia mpira, liende kasi, ujenge misuli ya mikono. Hiyo ni robo tu ya ukweli. Mtazame mpigaji kwenye video ya mwendo wa polepole: mguu wa mbele unakanyaga, nyonga zinageukia kwa mrushaji wa mpira, ilhali mabega bado yako nyuma. Kiwiliwili kinajisokota kama nguo inayokamuliwa. Kisha nyonga zinapunguza mwendo, na nguvu inapanda kiwiliwilini, mikononi, hadi kwenye gongo, kama mjeledi. Katika MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani, wastani wa kasi ya gongo ni takriban kilomita 115 kwa saa. Anayekaza mikono mapema hukata mnyororo huo, hata awe na misuli ya kutisha.