Utando mwekundu kwenye tangi la maji chumvi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wiki iliyopita mchanga ulikuwa mweupe. Leo umefunikwa na utando wa rangi ya damu ya mzee, unaoteleza kama kamasi, na juu yake kuna vipovu vidogo vya hewa. Ukiuvuta kwa kidole unatoka kipande kizima kama utando wa maziwa. Ukiomba ushauri kwa wafuga samaki watano utapewa dawa tano, na nyingi zimejengwa juu ya dhana hizi.

"Huo ni mwani mwekundu"

Si mwani. Ni sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea. Wekundu unatokana na rangi iitwayo fikoerithrini. Jamaa zao ndio wanaoliwa na heroe wa Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria, na mababu zao ndio walioanza kuijaza hewa ya dunia oksijeni, yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita. Jina hapa lina gharama. Anayeamini kuwa ni mwani hukimbilia kununua konokono na kaa wa kula mwani, kisha hushangaa kuwaona wakiuzunguka utando bila kuugusa. Baadhi ya sianobakteria wana sumu, na konokono wengi hawana hamu nao kabisa.

"Maji ni machafu, safisha hadi kila kipimo kisome sifuri"

Hii inaponza matumbawe, kwa sababu nusu yake ni kweli. Fosfeti, yaani chumvi ya fosforasi ambayo ni lishe, ikizidi inawanenepesha sianobakteria. Huingia na chakula cha ziada, na maji ya samaki wa barafu tunaowatupia bila kuwasuuza, na maji ya bomba, na mawe ya zamani yanayoachia kidogo kidogo fosfeti yaliyoinyonya kwa miaka.

Nusu iliyobaki ndiyo inayotuponza. Mkulima wa kunde anajua kwamba kuna bakteria kwenye mizizi wanaochukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa mbolea. Baadhi ya sianobakteria wana uwezo huohuo. Sasa ukiondoa naitreti (naitrojeni iliyo tayari kuliwa majini) yote huku fosfeti ikibaki, unawaua kwa njaa washindani wao na kuwaachia wao uwanja. Mimi hulenga naitreti miligramu 5 hadi 10 kwa lita, na fosfeti 0.03 hadi 0.1. Niliwahi kuweka chembe za kunyonya fosfeti mara mbili ya kipimo. Ncha za matumbawe zikawa nyeupe, utando ukabaki umejilalia palepale.

Halafu kuna sifuri ya uongo. Kipimo kinapima kilichomo majini tu. Utando ukiwa umetanda tangi zima, fosfeti yako imo ndani yake.

"Maji ya bahari ya asili hayana tatizo"

Inategemea umeyachota wapi. Wanaochota pwani wajue kwamba karibu na midomo ya mito na mifereji, hasa baada ya masika, maji hubeba mbolea na majitaka. Chota mbali na hapo, maji yakiwa yamejaa. Na maji yasiyo na chumvi ya kufidia yanayokauka yawe yamechujwa hadi kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kisome sifuri. Hapo sifuri inafaa.

"Zima taa siku tatu, umekwisha"

Unafifia, kweli. Lakini kinachokufa kinaozea ndani ya tangi, na chakula chote kinarudi majini kuwasubiri waliosalia. Kwanza unyonye kwa mpira mwembamba, polepole, kipande kwa kipande, ndipo uzime. Geuza pia pampu ya mkondo ielekee kona ulikoanzia. Hupenda mahali ambapo maji yamelala na uchafu unatua. Wala usidanganyike na asubuhi: usiku hujikunyata wenyewe, kisha taa zikikaa saa chache unarudi kama ulivyokuwa.

"Erithromaisini ndiyo mwisho wake"

Inafanya kazi, kwa kuwa ni antibiotiki, yaani dawa ya kupambana na bakteria. Tatizo ni kwamba tangi zima linaishi kwa bakteria, wale wanaogeuza amonia isiwaue samaki. Ukiitumia, pima amonia kila siku. Utando unaooza hula oksijeni, kwa hiyo weka pampu ya hewa kabla hujawaona samaki wakihema juu ya maji. Baada ya saa 48 badilisha robo ya maji. Ukitia dozi nusunusu unafuga vijidudu sugu, na hii ni dawa ambayo binadamu pia wanaitegemea. Kwangu ni ya mwisho kabisa, na chanzo kisiporekebishwa utando unarudi.

"Chochote chenye kamasi na vipovu ni huohuo"

Kuna dinoflajelati, viumbe vidogo vya seli moja, ambao huwa na kamasi ya kahawia inayoning'inia kama nyuzi, na hupenda sana matangi yenye lishe sifuri. Chukua kidogo kwenye chupa yenye maji ya tangi, tikisa kwa nguvu, chuja kwa karatasi ya kahawa, kisha weka maji yaliyopita chini ya taa kwa saa moja. Yakijikusanya tena kuwa kamasi, una dinoflajelati, na hapo kupunguza chakula ni kuwapa nafasi zaidi.