Wassenaar haikupiga marufuku silaha za mtandao

Wengi huamini kwamba tangu 2013 dunia imekataza kuuza programu za udukuzi. Sivyo. Desemba mwaka huo, nchi za Makubaliano ya Wassenaar, ambayo kwayo nchi wanachama huratibu udhibiti wa kuuza nje silaha na teknolojia nyeti, ziliongeza zana za kuendeshea programu hizo kwenye orodha ya bidhaa zinazohitaji kibali kabla ya kuuzwa nje.

Kibali si katazo. Muuzaji hueleza anauza nini, anamuuzia nani, na kwa kazi gani. Anayegonga muhuri au kukataa ni ofisa wa nchi yake, kwa sheria ya nchi yake, maana makubaliano haya si mkataba unaozifunga nchi kisheria. Hacking Team, kampuni ya Italia ya programu za udukuzi, iliuza kwa kibali cha jumla cha serikali mpaka kilipofutwa 2016.

Tena, na hili naona ndilo zito zaidi, orodha haidhibiti programu yenyewe inayojipenyeza kwenye simu yako. Inadhibiti mitambo ya kuiunda, kuituma na kuiongoza kwa mbali. Wataalamu wa usalama walihofia kwamba hata kumweleza mwenzao wa ng'ambo kasoro waliyoigundua kungehitaji kibali. 2017 maneno yakarekebishwa, wakaachiwa nafasi.

Barani Afrika, mwanachama ni Afrika Kusini peke yake.