Ufugaji wa Samaki, Kaa na Chaza Pwani ya Kusini: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila minada ya korosho inapomalizika na fedha kufika mikononi mwa wakulima, huku Mtwara na Lindi huonekana mashimo mapya pembeni mwa mito na nyuma ya mikoko. Watu wanachimba mabwawa ya samaki, na mimi hufurahi kuwaona wakichimba, kwa sababu bahari yetu imechoka kwa baruti, kwa nyavu za macho madogo na kwa wingi wetu sisi wenyewe. Hata hivyo, nimeona mabwawa mengi yakigeuka madimbwi ya vyura kabla mwaka wa pili haujaisha, na kwa ninavyoona mimi, mengi hayakuuawa na uhaba wa mtaji bali na mambo ambayo wenyewe waliyaamini kabla ya kushika jembe.

“Sisi ni watu wa bahari, samaki hatufundishwi”

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Mvuvi hodari anajua samaki wako wapi, wanapita saa ngapi na bamvua linawasogeza upande gani, lakini ujuzi huo wote unahusu samaki ambao bahari imekwisha kuwalea. Bahari huwapa samaki hewa, chakula na uzao bila mtu kuulizwa. Bwawani vitu hivyo vitatu vinakuwa juu ya mfugaji, kama vile majani na maji ya ng’ombe yanavyokuwa juu ya mchungaji. Ufugaji wa samaki ni ufugaji wa mifugo isiyoonekana, na hapo ndipo ulipo ugumu wake.

Alfajiri moja, katika bwawa la jirani yangu upande wa Mikindani, tulikuta midomo ya samaki imejaa juu ya maji, mamia kwa mamia, ikifunguka na kufumba kwa pamoja. Mwenye bwawa alifurahi akidhani wana njaa, akachukua ndoo ya pumba akawamwagia. Kufikia saa tatu asubuhi tulikuwa tunaokota mizoga. Samaki wale walikuwa wanatafuta hewa. Vijimea vidogo vinavyoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni mchana kwa nguvu ya jua, lakini usiku navyo huvuta oksijeni hiyohiyo pamoja na samaki na kila kinachooza chini, kwa hiyo saa ya hatari kubwa kuliko zote ni ile ya kabla ya jua kuchomoza. Pumba alizomwaga zilianza kuoza na kula hata kile kidogo kilichobaki. Alichopaswa kufanya ni kusitisha chakula na mbolea ya kuoteshea vijimea hivyo, kuingiza maji mapya na kutoa yale mazito ya chini.

Kipimo cha wingi wa vijimea hivyo hakihitaji chombo. Mfugaji atumbukize mkono wima akiwa amekunjua kiganja. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji yamekuwa mazito mno na mbolea isimame, na kama bado anakiona vizuri maji yakiwa yamepita kiwiko, basi bwawa ni maskini wa chakula cha asili. Mambo ya namna hii hufundishwa, na hatuna haja ya kuyafuata mbali, kwa kuwa Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una kampasi palepale Mikindani, na Lindi kuna kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji cha Machole.

“Mikoko ikifyekwa, hapo ndipo pazuri pa bwawa”

Kwa macho, eneo la mikoko linashawishi: ni tambarare, maji ya bahari yanalifikia bila pampu na udongo wake unashika maji. Ukweli umejificha ndani ya udongo wenyewe. Tope la mikoko lina madini ya chuma na salfa ambayo hayana madhara maadamu yamefunikwa na maji. Likichimbuliwa na kuachwa juani kwenye kingo za bwawa, madini hayo hukutana na hewa na kuzaa tindikali kali, ambayo kila mvua inayonyesha huiosha na kuirudisha bwawani. Mwenye bwawa huona maji yamekuwa maangavu ajabu, kingo zimepakwa rangi ya kutu, na vifaranga vinakufa bila jeraha lolote. Chokaa husaidia, lakini kupoza ekari nzima ya udongo wa namna hiyo kunaweza kumeza chokaa na fedha kwa miaka.

Nchi za Asia na Amerika ya Kusini zilikwisha kulipia somo hili, zilipofyeka mikoko kwa ajili ya kambamiti kisha zikayaacha mabwawa mengi baada ya miaka michache. Mbali na hayo, mikoko ndiko kambamiti, kaa na samaki wengi wanakokulia utotoni, kwa hiyo anayeifyeka anaua duka linalomuuzia mbegu. Isitoshe, misitu ya mikoko ni hifadhi kisheria, na kati ya Mtwara na mpaka wa Msumbiji iko pia Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambayo ina masharti yake. Mahali panapofaa zaidi ni nyuma ya mikoko, kwenye majangwa ya chumvi yasiyo na miti, baada ya udongo kupimwa na afisa uvuvi wa halmashauri kuulizwa.

Tunayo pia rasilimali ambayo tunaipita kila siku bila kuitazama, nayo ni mashamba ya chumvi. Mabwawa yao ya kwanza, yale ya kupokelea maji ya bahari, yanaweza kulea mwatiko, samaki anayestahimili maji matamu hadi yale yenye chumvi kuliko bahari, na anayekula zaidi ule utando wa kijani unaoota sakafuni. Ila ijulikane mapema kwamba mwatiko hazai bwawani. Hutaga baharini, na vifaranga vyake hapa kwetu hukusanywa kwenye vidimbwi na vijito vya mikoko. Mikoko tena.

“Samaki wengi, faida nyingi”

Mtu hununua vifaranga mia tano vya sato, dume na jike pamoja, na baada ya miezi minane bwawa lina maelfu. Hujiona ametajirika mpaka anapovuta kokoro, kwani samaki wote ni wa kiganja, na hakuna mnunuzi. Sato na perege huanza kuzaa wakiwa na miezi miwili au mitatu, wakati wangali wadogo kabisa, na katika maji yetu ya joto jike anaweza kurudia kila baada ya wiki nne hadi sita. Zaidi ya hayo, jike hutunza mayai na watoto mdomoni, hivyo siku hizo hali chakula wala hakui. Kwa sababu hiyo wafugaji wa biashara hupanda madume matupu, na swali la kwanza kwa muuza vifaranga liwe hilo, kabla ya bei.

Swali la pili ni chakula, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu. Tuchukue bwawa la mita za mraba 300, lenye vifaranga vitatu kwa kila mita, yaani 900. Wakipona asilimia 80, watabaki 720, na kila mmoja akifika gramu 250 mavuno ni kilo 180. Tukikadiria kuwa kila kilo ya samaki imekula kilo 1.6 za chakula kizuri, kitahitajika chakula kilo 288. Zidisha bei ya kilo ya chakula kwa 1.6, utapata gharama ya chakula iliyomo ndani ya kila kilo ya samaki utakayouza, na ukumbuke kwamba chakula peke yake mara nyingi huchukua nusu ya gharama zote za uendeshaji au zaidi. Kama hesabu hiyo inakaribia bei ya soko, tatizo lipo na halitaondolewa na kuongeza vifaranga. Pumba tupu nazo si suluhisho, kwa kuwa hazina protini ya kutosha. Pumba zikichanganywa na dagaa waliosagwa na mashudu ya alizeti, au ya ufuta pale yanapopatikana, huwa chakula, mradi mchanganyiko upimwe na kutolewa kwa kiasi ambacho samaki wanakimaliza mbele ya macho ya mlishaji.

“Sato wakitoroka si hasara ya mtu, wamerudi majini”

Ni hasara, tena ya wote. Katika Ziwa Rutamba na maziwa madogo jirani nalo mkoani Lindi, watafiti wamekuta sato wa kuletwa wamechanganya damu na perege wa asili. Perege wa asili akishapotea kwa namna hiyo harudi tena. Bomba la kutolea maji lifungwe wavu, na bwawa lisichimbwe mahali ambapo mto hufurika.

“Kaa hana gharama, unamweka tu anenepe”

Kaa wa mikoko ana bei nzuri, nami naamini ni moja ya biashara zinazofaa sana vijiji vyetu vya pwani, kuanzia Sudi hadi Kilwa. Lakini neno “kufuga kaa” linaficha mambo mawili tofauti. Kunenepesha ni kumchukua kaa mkubwa ambaye amejivua gamba karibuni, mwenye gamba jipya na nyama kidogo, na kumlisha wiki tatu au nne mpaka ajae. Mnunuzi mzoefu humgeuza, akambonyeza kwa dole gumba kwenye gamba la chini karibu na mguu wa mwisho. Pakibonyea, kaa yule hujazwa na maji tu na bei inashuka papo hapo. Kukuza ni kitu kingine, ni kumlea kaa mdogo kwa miezi, na katika safari hiyo atajivua gamba mara nyingi, na kila anapojivua huwa laini na wenzake humla. Ndiyo maana kila kaa hupewa chumba chake ndani ya kizimba. Anayewatia pamoja thelathini atavuna wachache walioshiba wenzao.

Gharama ipo pia upande wa mikoko, maana mbegu yote inatoka humo. Kijiji kinachotoa kaa wadogo na majike yenye mayai kwa ajili ya vizimba kinakula akiba yake. Hata chakula kinahitaji busara: kumlisha kaa dagaa ambao mtoto angekula si maendeleo, ilhali vichwa na matumbo ya samaki yanayotupwa sokoni yanamtosha.

Jambo la maradhi hapa huchukuliwa kwa wepesi mno. Mwaka 2011 ugonjwa wa madoa meupe uliingia katika mashamba ya kambamiti ya Quelimane, nchini Msumbiji, na mwaka uliofuata ukaingia Madagaska. Virusi vyake havimdhuru mlaji, lakini vinaweza kumaliza bwawa zima kwa siku chache, na kaa anaweza kuvibeba bila kuonyesha dalili yoyote. Sisi tuko ng’ambo ya Ruvuma tu. Kumhamisha kaa au kambamiti hai kutoka eneo moja hadi jingine bila kibali na ukaguzi ni kucheza na riziki ya pwani nzima.

“Chaza, kome na jongoo bahari hawali, basi hawana kazi”

Ni kweli kwamba hawalishwi. Chaza na kome huchuja chakula kutoka majini, lakini huchuja pia uchafu wa mji uliomo humo, na ingawa kuchemsha huua vijidudu, sumu zinazotokana na baadhi ya vijimea vya bahari hazivunjwi na moto. Kuchagua mahali pa kutundika kamba wanazokulia ndiko kwenye kazi yote. Jongoo bahari wa mchangani hula masalia yaliyomo kwenye mchanga, kwa hiyo ukimjaza katika eneo lake la kufugia kuliko mchanga unavyoweza kumlisha, anasimama kukua. Huhitaji takribani mwaka au mwaka na nusu, na muda wote huo lazima alindwe usiku na mchana dhidi ya wezi. Vifaranga vyake vitoke kwenye kituo cha kutotoleshea, si baharini, ambako kumvuna kumepigwa marufuku Tanzania Bara.

“Samaki hawakosi mnunuzi”

Hukosa, siku ambayo ngalawa zimerudi feri zimejaa. Samaki wa bwawa hawezi kushindana kwa bei na samaki wa bahari wa siku hiyo, na anayevuna bila barafu atauza kwa huruma ya mchuuzi. Kutegemea Dar es Salaam pekee, iwe kwa soko au kwa chakula cha samaki, nako kuna mashaka: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yalikata barabara ya kwenda huko maeneo ya Somanga, na mwenye chakula cha siku tatu ghalani alibaki akitazama mvua.

Faida yetu iko kwenye kusi. Kati ya Juni na Agosti upepo huwa mkali, vyombo vidogo vinakaa ufukweni siku nyingi, na kitoweo kinapanda bei hata Mikindani kwenyewe. Anayetaka kuvuna wakati huo ahesabu miezi sita kurudi nyuma: bwawa lichimbwe na kutiwa chokaa kabla ya Novemba, lijazwe na mvua za kwanza, vifaranga viingie Desemba au mapema Januari, vikulie katika miezi ya joto. Oda ya vifaranga ipelekwe Septemba, kabla fedha za korosho hazijaingia na kila mtu hajaanza kuvitafuta.