Je, wajua kwa nini jumba la Little Moreton Hall limepinda lakini halianguki?

Ukilitazama jumba hili la Cheshire, Uingereza, kutoka ng'ambo ya handaki la maji linalolizunguka, utadhani macho yana tatizo. Kuta zimefura kama gunia la mahindi lililoshindiliwa, nguzo zimelalia upande, na ghorofa ya juu kama inataka kuteleza. Familia ya Moreton, matajiri wa ardhi, ilianza kulijenga mwanzoni mwa miaka ya 1500 na ikaendelea kuongeza vyumba kwa takriban miaka 100.

Kilicholipinda ni ukumbi mmoja. Jengo likiwa limekwisha kusimama, wenyewe wakapachika juu yake ukumbi mrefu, kama meta 20, wa kutembea na kucheza siku za mvua na baridi. Mipira ya kale ya tenisi imekutwa nyuma ya mbao za kuta zake. Paa likaezekwa kwa mawe bapa, mazito mno kwa mbao za chini. Boriti zikapinda, kuta zikasukumwa nje, sakafu ya ukumbi ikawa mawimbi.

Mbona halikuanguka? Siri iko kwenye maungio. Fundi alichonga ulimi mwishoni mwa boriti, akatoboa tundu kwenye nguzo, akaingiza ulimi, kisha akapigilia kigingi cha mti kupenya vyote viwili. Mbao zilikuwa za mwaloni, nao ulichongwa ungali mbichi, kwa sababu ukikauka huwa mgumu kama chuma. Ulipokaukia ndani ya jengo ulijikunja na kuyabana maungio. Mzigo ulipozidi, fremu nzima ilisogea pamoja, kidogo kidogo, mahali ambapo ukuta wa mawe ungepasuka.

Katikati ya nguzo kuna fito na udongo. Aliyekulia kwenye nyumba ya kukandika ataielewa kazi hiyo mara moja: ukuta wa namna hii haubebi paa, na ukipata ufa unakandikwa upya.

Hata hivyo mwaloni haukuachiwa kazi yote. Fimbo za chuma ziliingizwa baadaye kuushikilia ukumbi.

Ninachokipenda zaidi kiko juu ya madirisha ya uani. Maandishi yaliyochongwa humo yanamtaja mwenye nyumba, William Moreton, na mwaka 1559. Yanaendelea kusema kwamba Richard Dale, seremala, ndiye aliyeyatengeneza madirisha hayo kwa neema ya Mungu.