Buibui botini: anza na taa

Wateja wangu wengi hapa Entebbe hunipigia simu wakiwa wameshanunua dawa. Chupa iko mkononi, wanachotaka ni kuambiwa wapulizie wapi. Jibu langu huwaudhi: weka hiyo dawa chini kwanza, uniambie taa ya boti yako ni ya rangi gani na huwaka hadi saa ngapi.

Kazi yangu ni kutunza boti za watu kwenye Ziwa Victoria: za kuvulia, za kupeleka wageni visiwa vya Ssese, na chache ambazo hazijatoka gatini tangu zinunuliwe. Hizo za mwisho ndizo makao makuu ya buibui. (Mimi ni mtu wa Mombasa, ambako buibui ni vazi kwanza. Nilipomwambia mama kwamba nalipwa kutoa buibui kwenye boti, alikaa kimya muda mrefu.)

Buibui hana haja na faiba wala mbao. Anafuata chakula, na ziwa hili linampa cha kumwaga. Mkaaji yeyote wa ufukweni ameyaona yale mawingu yanayopanda juu ya maji kama moshi wa shamba linaloungua. Ni usubi wa ziwani. Hukulia chini kwenye tope, kisha hutoka majini kwa wingi usiohesabika, hasa mwezi unapoandama. Philip Corbet, aliyekuwa akifanya utafiti Jinja, aliandika mwaka 1958 jinsi wadudu wa ziwa hili wanavyokwenda na mwezi. Yuko pia mdudu aitwaye Povilla adusta, ambaye wachanga wake hutoboa mbao zilizozama majini. Huyu yeye hutoka siku chache baada ya mwezi mpevu. Ndiyo maana ratiba yangu ya usafi haifuati Jumamosi, inafuata mwezi. Ukifagia tando kabla mwezi haujaandama, halafu usubi ukaja ukakuta boti ina giza, buibui atahamia kwa jirani.

Giza ndilo neno lenyewe. Wavuvi wa mukene, yaani dagaa wa ziwani, wanajua nguvu ya taa usiku, na taa yako nyeupe ya gatini inafanya kazi ileile, ila inawavutia wadudu badala ya samaki. Weka ya manjano, yenye mwanga hafifu. Kama lazima kuwe na taa kali kwa ajili ya ulinzi, ifunge kwenye nguzo mbali na boti na uielekeze kwenye boti. Wadudu watajaa nguzoni, na buibui watawafuata hukohuko.

Watu huuliza wanapandaje. Kwa kamba za kufungia, kwa mafunjo yanayogusa ubavu, kwa gugu maji linalokuja likielea. Wale wadogo hupeperuka hewani kwa uzi wao wenyewe. Charles Darwin aliwaona mwaka 1832 wakitua kwenye kamba za meli yake, Beagle, mbali na pwani ya Amerika Kusini. Kwa hiyo usitegemee boti isiyoingiliwa kabisa. Kata mafunjo, vuta gugu, inatosha.

Kinachowakera wenye boti zaidi ya tando ni madoa, yale meupe na meusi kwenye deki. Kinyesi cha buibui kina kemikali iitwayo guanini, na guanini haiyeyuki kwa maji, ndiyo maana mpira wa maji hauyaondoi. Mimi hupaka siki iliyochanganywa na maji, naiacha kidogo, nasugua kwa sponji, nasuuza. Doa la jana hutoka. Doa la miezi mitatu lililopikwa na jua, tutaongea bei nyingine.

Mifuko ya mayai ikwangue kwa mkono, chini ya viti na ndani ya mikunjo ya turubai, na uvae glavu. Dawa haipenyi ule mfuko vizuri. Na buibui mkubwa hutembea kwa ncha za miguu, hivyo sumu uliyopaka juu ya deki humgusa kidogo sana. Anayeipata sawasawa ni samaki: dawa nyingi za dukani ni za jamii ya pairethroidi, nazo ni sumu kali kwao. Mvua moja tu na yote iko ziwani.

Kuna mmoja ambaye simgusi kabisa, buibui mdogo mrukaji aitwaye Evarcha culicivora, mkaazi wa ukanda huu wa ziwa, Kenya na Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba humchagua mbu aliyeshiba damu kuliko mawindo mengine. Nahodha mmoja mzee ninayemhudumia hataki auawe yeyote, kwa heshima ya yule wa pangoni aliyemsitiri Mtume. "Wahamishe tu, mwanangu," huniambia. Nawahamisha.

Lakini kuna mahali ambapo hata huyo mzee hanibishii: tundu la hewa la tanki la mafuta. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliita magari yake kama 65,000 kwa sababu buibui walikuwa wakifuma ndani ya bomba la hewa la tanki, wakivutiwa na harufu ya petroli. Boti hali ni ileile. Nilikuwa njiani kutoka Kasenyi kwenda kisiwa cha Bugala injini ikazima. Tukangoja, ikawaka, ikazima tena. Pampu ya mpira ya mafuta ilikuwa imenywea kama chungwa lililofyonzwa. Nilipolegeza kifuniko cha tanki, hewa ikaingia kwa mvumo, na injini ikashika mara moja. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie, na utando mdogo kuliko ukucha ulikuwa umeziba njia.

Tangu siku hiyo kila boti ninayoitunza ina wavu wa shaba wenye matundu madogo kwenye tundu hilo. Nao naukagua kila mwezi, maana wavu wenyewe ni mahali pazuri sana pa kuanzia utando.