Kila Mjerumani na Myahudi wake

Juzi tena. Tumetoka kwenye karakana ya brashi ya Otto Weidt, Mjerumani aliyewakinga wafanyakazi wake Wayahudi zama za Wanazi, Rosenthaler Strasse 39, mgeni mmoja ananigeukia: "Kumbe hawakuwa wote wabaya." Mwenzake anaguna: "Huyo mmoja tu. Waliobaki wauaji." Tangu nianze kutembeza watu hapa Berlin ubishi ni huo huo, na wote wawili hukosea mahali pamoja: wanadhani huruma ilikaa kwa watu hawa, unyama ukakaa kwa wale, kazi ikabaki kuhesabu vichwa.

Haya, tuhesabu. Wayahudi wapatao 7,000 walijificha Berlin. Waliofika mwisho wa vita wakiwa hai ni kama 1,700. Kumficha mmoja kulitaka mikono mingi: wa chumba, wa chakula cha mgao, wa kughushi karatasi. Wema walikuwepo. Wachongeaji walikuwepo. Basi.

Kinachonikera ni kumsahau aliyekuwa pande zote mbili. Oktoba 4, 1943, huko Posen (leo Poznań, Poland), Himmler, mkuu wa SS, jeshi la chama cha Nazi lililosimamia mauaji ya Wayahudi, aliwasimanga Wajerumani milioni 80 mbele ya wakubwa wenzake: kila mmoja ana Myahudi wake mwema, wengine wote nguruwe, ila huyu wangu safi kabisa. Himmler huyo, analalamikia huruma! Maana yake ilikuwepo ya kutosha kumkera, na treni za kuwapeleka Wayahudi kuuawa ziliendelea kuondoka. Mtu aliweza kumpenyezea jirani yake mkate gizani, kisha, jirani akishapelekwa mashariki, akaenda mnadani kununua kabati. Si kwamba alijigeuza. Jirani alikuwa na jina. Kabati lilikuwa la "Wayahudi".

Vita vilipokwisha, mkate ule ukawa mali. Mbele ya mabaraza ya kuchuja Wanazi watu walileta barua za kuwasafisha, wenyewe wakaziita Persilschein, kwa jina la sabuni ya unga. Fulani aliwahi kumsaidia Myahudi, mpeni cheti. Ndiyo maana namheshimu Meja Karl Plagge. Alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi, na huko Vilnius, Lithuania, aliwakinga mamia ya Wayahudi kwa kuwaandika mafundi wa magari ya jeshi. Mwaka 1947 alikuwa na mashahidi wa kumsafisha, lakini akaomba aandikwe Mitläufer, yaani mfuata mkumbo.

Na tafadhali, "ukikataa unapigwa risasi" tuiache. Józefów, Poland, Julai 13, 1942: Meja Trapp, kamanda wa kikosi cha polisi cha Kijerumani kilichoamriwa kuua Wayahudi wa pale, machozi yakimtoka, aliwaruhusu askari wake wasioweza kuua wajitoe. Katika karibu 500, waliojitoa pale pale ni kama dazeni moja. Hakuna aliyepigwa risasi kwa hilo. Wayahudi wapatao 1,500 waliuawa siku ile.

Kwangu mimi kigugumizi kinaanza Rosenstrasse, mtaa wa hapa Berlin. Mwaka 1943 wake wa Kijerumani walisimama barabarani wakidai waume zao wa Kiyahudi waliokamatwa, na waume wakaachiwa. Zamani niliisimulia kama ushindi mtupu. Kisha nikasoma hoja za mwanahistoria Wolf Gruner, kwamba Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, haikupanga kuwasafirisha wale waume wakati ule. Mwanahistoria mwenzake Nathan Stoltzfus anampinga vikali. Nimeshabadili upande mara mbili. Wale wanawake hawakujua mpango wa Gestapo, ila walisimama. Hapo tu ndipo sauti yangu haitetereki.

Mgeni alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo Plagge alikuwa mwema au mbaya?"

Nikamwambia tramu imefika.